Karatasi Juu ya Biblia

Majina mia mbili na kumi na nne ya watu wa kanisa moja la Werugha yalipelekwa kaunti kama ushahidi kwamba wamekubali chemchemi yao ipewe kampuni ya kuuza maji ya chupa. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amekubali. Jina la kwanza kwenye orodha lilikuwa la Festus Mwandawiro, mzee wa kanisa, na kichwa cha orodha kilikuwa kimeandikwa kwa mkono wa binti yake, Wakio.

Nakala zilibandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya chifu Jumatatu asubuhi. Festus alizisoma mara mbili, watu wakiwa wamejaa nyuma yake wakimsubiri aseme kitu. Alienda kukata majani kwa sababu ng'ombe wake wawili walikuwa hawajala.

Mambo yalianza miezi mitatu nyuma. Mheshimiwa Ben, mwakilishi wa wadi, alikuja kanisani kwa ibada ya shukrani. Ben ni mtoto wa pale pale. Alibatizwa pale, akaimba kwaya pale, na alipopita kwenda sekondari, suruali yake ya kwanza ndefu alinunuliwa na akina mama wa kanisa. Siku hiyo alileta mabati ya paa jipya na kreti za soda. Baada ya mahubiri, Wakio, ambaye alikuwa karani katika ofisi yake, alimletea babake karatasi.

"Ni ya waliohudhuria, Baba. Anza wewe."

Kanisa hilo lina utaratibu wake ambao hakuna aliyewahi kuuandika. Karatasi ya kutiwa sahihi huanza kwa mzee wa kanisa, kisha hupita benchi baada ya benchi. Na kwa kuwa mabenchi hayana meza, huwekwa juu ya ile Biblia kubwa ya mbele ili kalamu isiitoboe. Karatasi iliyokaa juu ya Biblia haisomwi. Ukiisoma, ni kama umemwambia aliyekuletea kwamba humwamini, tena ndani ya nyumba ya Mungu. Festus alitia sahihi, na mabenchi yakafuata. Nyanya Mkawasi hajui kuandika, kwa hiyo Festus mwenyewe alimpaka wino, akakishika kidole gumba chake na kukigandamiza.

Sehemu ya juu ya karatasi ilikuwa tupu. Aliiona kwamba ni tupu. Alidhani wameacha nafasi ya tarehe.

Ukimuuliza alihisi nini pale kwa chifu, atakuambia ni ganzi. Ni kama mguu uliokaliwa vibaya. Uko, ni wako, unauona, lakini ukiufinya hausikii kitu.

Jumamosi Wakio alikuja nyumbani na mkate na sukari, kama kila Jumamosi. Alimkuta babake zizini akikamua.

"Hamjambo, Baba?"

"Nani alikuambia uandike?"

"Ungejibu salamu kwanza."

"Hatujambo. Nani?"

Wakio aliweka mfuko juu ya jiwe. "Mheshimiwa alinisomea maneno kwa simu, nikaandika. Nilikuwa na miezi mitano tu kazini. Miaka minne nimezunguka na bahasha Voi nzima mpaka soli za viatu zikaisha. Wewe mwenyewe ndiwe uliyekuwa ukinishonea."

"Uliandika ukijua?"

"Nilijua naandika. Sikujua watafanyia nini." Aliukunja mdomo wa mfuko. "Nilijua kidogo."

Maziwa yaliendelea kupiga ndoo. Festus alimaliza chuchu mbili kabla ya kuongea.

"Kuna kikao cha malalamiko Voi, Alhamisi ijayo. Nimeitwa."

"Basi sema sahihi ni yako, maana ni yako kweli. Wasipouliza zaidi, usiongeze. Huo si uongo."

"Na wakiuliza?"

"Maandishi ya watu hufanana, Baba."

Alipokuwa darasa la tatu, Wakio alirudi nyumbani na penseli ambayo haikuwa yake. Festus alimtembeza kwenye ukungu mpaka shuleni kuirudisha, na shule ilikuwa imeshafungwa, wakakaa nje wakamngoja mwalimu mpaka saa mbili asubuhi iliyofuata. Hivyo ndivyo Wakio hupenda kusimulia akitaka watu wacheke. Ukweli ni kwamba walimfuata mwalimu nyumbani kwake. Lakini kutembea walitembea, na kulia alilia njia nzima.

Nadhani wote wawili waliikumbuka siku hiyo, kwa sababu Wakio alisema, "Hii si penseli, Baba."

"Najua."

"Chai inapoa huku!" Everlyne, mkewe Festus, aliita kutoka jikoni. "Au mnataka niwaletee kwa ng'ombe?"

Walikunywa chai. Waliongea juu ya bei ya kabichi.

Jumanne Ben alifika, akiwa na Mchungaji Nicholas. Mheshimiwa alivua kofia mlangoni, akakaa kwenye kiti kile kile alichokuwa akikalia alipokuwa kijana wa kwaya.

"Mzee wangu, ng'ombe wako wamenona kuliko wapiga kura wangu."

"Ng'ombe huwa nawalisha kila siku. Sio kila miaka mitano."

Mchungaji alicheka, kisha akaona Ben hacheki, akakohoa.

"Tuseme ukweli," Ben alisema. "Kampuni itaajiri vijana. Bomba la kijiji litabaki. Karatasi ilikuwa njia ya kuharakisha tu, maana mikutano ya wananchi haiishi, kila mtu anataka kuongea. Sasa mkinivua nguo kule Voi, watakaofurahi ni nani? Ni wale wale wanaosema mtu mweusi hajui kujitawala."

Festus hakuwa msemaji. Shule aliacha darasa la saba, na kanisani kazi yake ilikuwa kugonga kengele, yaani kile kipande cha reli ya zamani kinachoning'inia nje, na kukusanya sadaka. Lakini jambo hili alikuwa amelifikiria akikata majani, wiki nzima.

"Mashamba ya mkonge kule chini," alisema, "wazee walitusimulia yalivyoenda. Mzungu alileta karatasi, watu wakaweka vidole, hawakujua kimeandikwa nini. Hiyo hadithi wewe uliisimulia kwa kipaza sauti wakati wa kampeni, na mimi nikakupigia makofi. Mzungu yule hakujua jina la mtu hata mmoja aliyemwekea kidole. Wewe unamjua Mkawasi. Alikubeba mgongoni. Mimi ndiye niliyemshika kidole. Sasa nimlaumu mzungu gani?"

Ben aliizungusha kofia magotini. "Nyakati ni tofauti, Mzee."

"Ni tofauti, ndiyo. Wakati ule hatukuwa na kura."

"Festus," Mchungaji aliingilia kati, "Ben ni mwanedu, ndugu yetu. Ni damu yetu. Ndugu huonywa faraghani kwanza, huko mbele ya watu ni baadaye."

"Sawa. Hapa tuko watatu. Ben, nenda ukaiondoe hiyo karatasi."

Ben aliangalia saa yake. Nje mtu alipita akipigia mbuzi mbinja.

"Haiwezi kuondoka. Ishafika juu."

"Basi nimeshakuonya," Festus alisema.

Walikuwa wamesimama mlangoni Ben aliporudisha kofia kichwani. "Wakio ni karani mzuri sana," alisema. "Ningependa abaki."

Everlyne alisikia yote akiwa jikoni. Walipoondoka alikuja akakusanya vikombe. "Mwenyewe umesikia," alisema. "Usije ukaniambia baadaye hukusikia."

"Nimesikia."

"Na?"

"Sijui, Mama Wakio. Nimejaribu kuogopa, nimeshindwa."

Kikao kilifanyika kwenye ukumbi mmoja wa Voi, joto la kule chini likiwa limeingia mpaka kwenye viti. Mwenyekiti alikuwa Bi Kavinya, mama mnene mwenye miwani, anayeuliza swali akiwa bado anaandika jibu la lililopita. Ben alikaa mbele na wakili wake. Wakio alikaa safu ya pili, nyuma ya Ben, na faili mapajani.

Festus alipewa Biblia na kadi yenye maneno ya kiapo. Alitoa miwani yake mfukoni.

"Unaweza tu kurudia nitakavyosema," karani wa kikao alimwambia.

"Naomba nisome kwanza."

Watu walicheka. Bi Kavinya aliinua kichwa. "Soma, Mzee. Hatukimbizwi."

Alisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, kisha akageuza kadi kuona kama nyuma kuna kitu. Ndipo akaapa.

"Hii sahihi ya kwanza ni yako?"

"Ni yangu."

"Ulikubali chemchemi itolewe?"

"Hapana. Karatasi ilikuwa tupu juu. Tuliambiwa ni ya mahudhurio."

"Mtu mzima kama wewe, ukatia sahihi karatasi tupu?"

"Ndiyo. Na nikawatangulia wengine mia mbili na kumi na tatu. Mimi nisingeanza, wao wasingefuata. Hasa Nyanya Mkawasi. Kidole ni chake lakini nguvu ilikuwa yangu. Naomba hilo liandikwe."

Bi Kavinya aliandika. Halafu, akiwa bado anaandika, "Na haya maneno ya juu yaliandikwa na nani?"

Wakili wa Ben alisimama kupinga, akaambiwa akae. Feni ya darini ilikuwa inazunguka bila kuleta upepo. Neno "sijui" ni fupi, na Festus alikuwa nalo tayari mdomoni. Amelisema mara nyingi maishani, kwa wadai, kwa maaskari, kwa mkewe. Hakuna ambaye angemshika. Alimtazama Wakio, na Wakio alikuwa anatazama faili.

"Wakio Mwandawiro," alisema. "Ni binti yangu. Alisomewa maneno hayo kwa simu na Mheshimiwa Ben, baada ya sisi kutia sahihi. Yeye mwenyewe aliniambia."

"Una uhakika ni mkono wake?"

"Hiyo W nilimfundisha mimi. Kwa mkaa, nyuma ya mlango wa jikoni."

Safari hii hakuna aliyecheka. Wakio alifunga faili, akaliweka juu ya kiti kilichokuwa wazi pembeni yake, akatoka nje kwa mlango wa nyuma. Hakukimbia. Festus aliulizwa maswali mengine manne na akayajibu yote vizuri, lakini leo ukimwuliza yalikuwa maswali gani hakumbuki.

Orodha ilifutwa. Mpango wa chemchemi haukufutwa. Umesimamishwa miezi sita hadi wananchi waulizwe upya, na vigingi vya ua wa kampuni bado vimesimama pale majini. Ben bado ni Mheshimiwa. Aliandika barua akasema alipotoshwa na mfanyakazi wake.

Mabati yako juu ya kanisa na hayavuji.

Wakio alifutwa kazi siku iliyofuata. Aliandikisha taarifa polisi, na sasa huripoti kituoni Jumatatu mbili kila mwezi. Wakili wake aligharimu ng'ombe mmoja, yule mkubwa. Kwa hiyo zizini amebaki mmoja.

Baraza la kanisa lilikaa likamwondoa Festus kwenye uzee. Kosa lililoandikwa ni kutia sahihi bila kusoma, na hakulikataa, maana ni kweli. Alikuwa amegonga ile reli miaka kumi na tisa. Anayeigonga sasa huigonga haraka mno, na Festus huisikia akiwa shambani. Jumapili yeye hukaa benchi la tano. Nyanya Mkawasi ndiye pekee anayekaa naye.

Everlyne humpikia, na humwambia chumvi imeisha, au mvua inakuja. Zaidi ya hayo hamwambii kitu. Ule mlango wa jikoni ameuosha kwa sabuni na brashi, nyuma na mbele.

Wakio anaishi Voi kwa rafiki yake. Simu ya babake huita mpaka ikakatika.

Kazi moja, ng'ombe mmoja, kiti kimoja cha mbele. Jumamosi kumi na moja bila mkate.