Chaki kwenye Breki ya Pili

Kiti cha dereva kilikuwa kimesogezwa mbele, tena si kidogo. Niliingia kama ninavyoingia siku zote, bila kutazama, magoti yakagonga chini ya usukani nikatoa neno ambalo sitaliandika hapa. Shemeji yangu alikuwa amesimama mlangoni mwa gereji yake, akijifuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono yenyewe.

"Nani alikaa hapa?" nikamuuliza.

"Mimi, shemeji. Nilikuwa nalijaribu."

Spana, kama sote tunavyomwita, ni mrefu kuliko mimi. Akiingia kwenye gari dogo hujikunja kama mwavuli. Nikamtazama miguu, nikakitazama kile kiti, nikawasha gari nikaondoka. Lakini tangu hapo machale yakawa yananicheza.

Niseme kwanza gari lenyewe ni la namna gani, maana si gari la kwendea harusini. Mimi ni mwalimu wa udereva. Gari langu lina breki mbili: moja ya mwanafunzi, na ya pili chini ya miguu yangu, upande wa abiria, ya kuniokoa mimi, mwanafunzi, na waja wa Mungu wanaovuka barabara. Breki hiyo ya pili ndiyo shule yangu. Kila somo linapoanza naipaka chaki. Likiisha, namwambia mwanafunzi ainame aangalie. Chaki ikiwa imefutika, maana yake mguu wangu umefanya kazi, na yeye arudi tena. Ikiwa imebaki nzima, namwambia sasa wewe ni dereva, nenda kafanye mtihani. Pongezi nyingine sina. Watu wazima na vyeo vyao nimewaona wakipiga magoti vumbini wakichungulia kikanyagio kama waliodondosha hereni.

Wanasema nina subira ya ajabu, nami sibishi. Wamenizimia gari katikati ya makutano, wamenipandisha kwenye ngazi za duka, na sijampazia mtu sauti. Aliyenishinda ni mmoja tu, mke wangu. Siku moja nilimpeleka kumjaribu, na hata mwisho wa mtaa hatujafika, mama alikuwa ameshashuka, amebamiza mlango, anarudi nyumbani kwa miguu na mkoba wake begani. Sauti sikumpazia hata yeye. Nikaona basi, huyu si mtu wa barabara. Ana cherehani yake, anashona sare za watoto wa chekechea, na mshono wake unasifiwa.

Spana ni mdogo wake, nduguye wa pekee wa tumbo moja, na ndiyo sababu gari nilikuwa nampelekea yeye. Kila Ijumaa mchana namwachia alikague, linalala kwake, asubuhi nakwenda kulichukua. Gari hilo ndilo linalotulisha. Na mtu akilichezea, siku breki zikikataa nikiwa na mwanafunzi kwenye mteremko, atakayeulizwa ni mimi.

Baada ya kiti nikaanza kuona na mengine. Kioo cha katikati kimeinamishwa. Klachi inanuka kuungua. Bampa la nyuma limechubuka, na ndani ya mchubuko kuna rangi ya kijani, ilhali mimi na kijani hatujakutana popote. Ijumaa iliyofuata ikapita, mchubuko ukatoweka. Umepakwa rangi, tena kwa ufundi, na taa ya upande huo inang'aa kuliko mwenzake.

"Taa mpya ya nini?" nikamuuliza.

"Ile ilikuwa na ufa, shemeji."

"Ufa ulitoka wapi?"

"Wewe unabeba wanafunzi!" Akacheka. "Hao wanaweza kupasua hata jua."

Nikacheka naye, kwa meno tu. Moyoni nilikuwa nimeshamfungulia mashtaka. Mtu asiye na lake hatengenezi kitu ambacho hakuombwa kukitengeneza.

Nyumbani nilimkuta mke wangu kwenye cherehani, amezungukwa na vitambaa.

"Ndugu yako ananiona mjinga," nikamwambia. "Gari langu analitoa."

"Umemwona?"

"Sijamwona."

"Basi ngoja umwone," akasema, na cherehani ikaendelea kunguruma.

Nilitegemea ashangae, au amtetee kwa hasira kama dada mtu. Hakufanya moja wala jingine, na hilo nalo likaniwasha. Siku hizo hata nikimpeleka sokoni alikuwa hatulii. Anageuza shingo huku na huku, anachungulia kioo cha pembeni, na mara moja aliniambia, "Hukuwasha indiketa." Nikamjibu anishonee suruali, kuendesha aniachie mimi.

Aliyenithibitishia ni mwanafunzi wangu wa zamani, muuza dawa. Nilipita dukani kwake kununua dawa ya kikohozi, akaning'ata sikio. "Mwalimu, siku hizi unafundisha hadi Ijumaa alasiri? Gari lako nimeliona kule nyuma ya maghala, linazunguka mapipa."

Mori ukanipanda. Uwanja wa nyuma ya maghala ndiko ninakofundishia kurudi nyuma, na mapipa ni yangu, niliyapanga mwenyewe. Kumbe shemeji yangu amefungua shule yake ndani ya shule yangu! Klachi inaniungulia mimi, anafaidi yeye.

Nikaamua kumtegea. Ijumaa, kabla sijampa funguo, niliipaka breki ya pili chaki nene, nyeupe kama ukuta wa zahanati. Asubuhi yake nikaenda mbio kuangalia. Chaki ilikuwa pale pale, nzima. Nikajisikia vibaya, nikawaza labda nimemwonea kijana wa watu. Halafu nikafungua mlango vizuri, jua likaingia, na ile chaki ikawa si nyeupe. Ilikuwa na ubluu kwa mbali. Mtu aliifuta kwa soli, akatafuta nyingine akapaka upya, akidhani macho yangu ni ya kubandika.

Pale gerejini palikuwa na mchomeleaji aliyepanga kona moja, mtu mfupi wa miwani nyeusi, ambaye kabla ya kukata chuma hukichora kwa chaki. Kipande chake hukiweka nyuma ya sikio. Siku hiyo nilijaribu kuona rangi yake, lakini kwa masizi aliyokuwa nayo usingejua hata sikio lenyewe ni la rangi gani. Hata hivyo hesabu ilinikalia sawa. Mfupi, kiti mbele. Chaki, chaki. Alinisalimia vizuri tu, na mimi nikaona salamu yenyewe imezidi utamu.

Jioni nikamwambia mke wangu, "Jumamosi ijayo nakwenda kwa baba yako. Spana awepo. Nitasema mbele yao kwamba ni mwizi, na gari langu halitakanyaga tena kwake."

Cherehani ikasimama. "Neno hilo ukilitamka kwa baba, halitafutika. Mimi na mdogo wangu tutakaa wapi baada ya hapo?"

"Angelifikiria yeye."

Akavuta uzi kutoka kwenye kola ya mtoto. "Basi subiri Ijumaa ipite," akasema.

"Ijumaa kuna nini?"

"Subiri tu."

Sikulala vizuri wiki ile. Mke akikwambia usubiri na hakwambii unasubiri nini, unaanza kumtazama hata yeye kwa jicho la pembeni. Nikaona dhahiri kwamba ndugu hawa wamekula njama, dada anamlinda mdogo wake, na mimi ndiye mgeni ndani ya nyumba yangu.

Ijumaa nikaipaka tena breki ya pili chaki, nikampa Spana funguo, nikamwambia naenda kulala, kichwa kinauma. Nikaenda kukaa kwa muuza dawa mpaka alasiri, halafu nikapanda pikipiki mpaka gereji. Gari halipo. Mchomeleaji yupo, ameinamia geti la mtu, cheche zinaruka.

Kama yeye yuko hapa, kule nani anaendesha?

"Wako wapi?" nikamuuliza.

Akainua miwani. "Wameenda kulijaribu."

"Wao na nani?"

Akaishusha miwani, akarudi kwenye cheche zake. Nikamwambia wa pikipiki akaze mwendo.

Nilishukia pembeni ya ghala la mwisho na kujibana ukutani. Gari langu lilikuwa uwanjani, jua limepiga vioo, sikuweza kuona waliomo. Lilikuwa linarudi nyuma katikati ya mapipa. Nilijiandaa kusikia mlio wa bati. Haukuja. Likapita bila kugusa, likasimama, likaondoka tena bila kuruka, likazunguka uwanja na kukata kona taratibu. Ubaya wa kazi yangu ni kwamba jicho halinitii. Nilikuja na hasira kifuani, na bado nikajikuta namsifu mwizi: huyu amefundishwa akafundishika.

Nikatoka ukutani nikaenda kusimama katikati ya njia yake, mikono kiunoni. Gari likaniona. Likapunguza mwendo, likaja kusimama mbele yangu, na pua yake haikuinama hata kidogo. Wanafunzi wangu wengi hawafiki hapo. Kioo kikashuka.

Kwenye usukani alikuwa mke wangu.

Spana, kwenye kiti changu, alikuwa ametazama magoti yake.

"Nilikwambia usubiri Ijumaa ipite," mke wangu akasema. "Mtihani ni Jumatatu. Chekechea wamepata gari la watoto, wanataka dereva mwanamke, na mimi nimeshawaambia wasitafute mwingine."

"Kwa nini hukuniambia mimi? Mimi ndiye mwalimu!"

"Nilikuja kwako kwanza. Umesahau?"

"Ulishuka mwenyewe. Hata neno baya sikukwambia."

"Hukuniambia, kweli. Ulikanyaga. Nikitoa mguu, unakanyaga. Nikigeuza, unakanyaga. Gari linanirusha kama nimepanda mbuzi, na wewe pembeni unasema pole pole, mama, pole pole, kwa ile sauti yako ya subira." Aliiga sauti yangu, na aliipata sawasawa.

Nikamgeukia Spana, maana yeye alikuwa rahisi zaidi. "Na wewe? Mtu anakuachia gari lake, unalitoa bila yeye kujua? Ningekuwa mteja baki ungethubutu?"

"Nisingethubutu," akasema. "Hilo ni kosa, shemeji, sikatai. Klachi nimekuwekea mpya. Bampa ni dada, alikutana na pipa."

"La kijani," mke wangu akaongeza, akafungua mkoba. Akatoa kile kibapa cha chaki anachochorea nguo kabla ya kukata. Kilikuwa cha bluu. "Na mtego wako niliupaka mimi. Nyeupe ilikuwa imeniishia."

Spana akanyanyua mguu wake mrefu pembeni ili nione. Kwenye breki ya pili chaki niliyoipaka mchana ilikuwa nyeupe, nene, haina hata alama. "Leo sijagusa, shemeji. Wala Ijumaa iliyopita, ile iliyofutika ni mimi nilipokuwa nashuka."

Nawaambia ukweli, furaha ilinishika. Hasira haikuwa imeondoka, na aibu ilikuwa inakuja, lakini furaha iliwahi kabla ya zote mbili. Nikamwambia Spana ashuke, arudi gereji kwa miguu, iwe adhabu yake. Akaondoka anacheka. Nikaingia kwenye kiti changu.

"Twende nyumbani," nikamwambia mke wangu. "Nikuone barabarani."

"Ngoja." Akainama kwenye miguu yangu, akaifuta ile nyeupe kwa kitambaa, akaipaka bluu yake, polepole, kila kona. Halafu akajifunga mkanda.

Akapitia barabara ya soko, wakati ambao hata mimi huikwepa. Mkokoteni ukajitokeza, akaupisha. Basi likatuchomekea, akaliachia nafasi bila kupiga honi. Tuta akaliona mapema. Mikono yangu niliilaza magotini, na mdomo niliufunga mwanzo mpaka mwisho. Hata pole pole sikusema. Nilijisifu moyoni kwa kunyamaza kule, nikapanga na maneno ya kumwambia tukifika: sasa wewe ni dereva.

Akasimamisha mbele ya mlango wetu, akazima, akavuta breki ya mkono.

"Haya," akasema. "Inama, Mwalimu."

Nikashuka, nikapiga goti vumbini kama wanavyofanya wao. Kikanyagio kilikuwa cheusi, mpira mtupu, kinang'aa. Nikainua mguu wangu nikatazama soli ya kiatu. Ilikuwa ya bluu kuanzia vidoleni mpaka katikati.

"Sikukanyaga," nikasema, na wallahi niliamini ninachokisema.

"Kwenye mkokoteni," akasema. "Kwenye basi. Na kwenye tuta mara mbili. Nilikusikia."

Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

"Kulikuwa na hatari yoyote?" akaniuliza. "Wewe ndiye mwalimu, niambie."

Niliirudia njia yote kichwani, kutoka uwanjani mpaka mlangoni, nikitafuta hata mahali pamoja pa kujitetea.

"Hapakuwa na hatari," nikamjibu.

Akachomoa funguo, akazitia kwenye mkoba wake pamoja na ile chaki. "Jumatatu nitakwenda na mdogo wangu," akasema. "Na kesho kwa baba tunakwenda wote, tukamsalimie. Naendesha mimi. Wewe utakaa nyuma."