Mgongo wa Lotfi

Rauf Masmudi alifundisha jiografia Sfax kwa miaka ishirini na miwili, na miaka yote hiyo aliwachorea watoto wa watu milima ya Atlas ubaoni bila kuukanyaga hata mmoja. Sfax yenyewe ni bapa kama sinia. Mwinuko pekee wa maana ni daraja linalopita juu ya reli, na ndilo walilolipanda kwa baiskeli yeye na rafiki yake Lotfi kila Jumapili asubuhi, kwenda na kurudi mara arubaini, mpaka mlinzi wa reli akachoka kuwauliza wamepoteza nini.

Lotfi Krishan alikuwa na duka la miwani. Siku zote yeye ndiye aliyetangulia, na yeye ndiye aliyewaandikisha.

"Mashindano ya wawili wawili, Mwalimu," alisema. "Moroko, milimani. Kilomita arubaini na sita. Sharti lao ni moja, wenza wasiachane zaidi ya dakika mbili. Kwa hiyo usije ukaniaibisha."

"Na nikikuaibisha?"

"Nitasema sikujui."

Wakapanda ndege. Wao walifika, baiskeli hazikufika. Mtu wa mizigo aliitazama kompyuta yake kitambo kirefu, kisha akawapa pole kwa adabu: baiskeli zilikuwa Abidjan, salama salimini, na zingerudi baada ya siku tatu. Mashindano yalikuwa kesho yake.

Nyumba ya wageni waliyofikia kijijini ilikuwa ya Bi Itto, mama mpana asiyependa haraka. Aliwasikiliza mpaka wakaishiwa maneno.

"Baiskeli ninayo," akasema. "Ila ni moja."

Akawafungulia banda la kuku. Humo ndani ilisimama baiskeli ndefu ya buluu, yenye viti viwili, kikapu mbele na kengele nyuma. Waliiacha maharusi waliokuja fungate wakaondoka kila mtu na gari lake.

"Hii si baiskeli," Rauf akasema. "Hili ni benchi."

"Benchi linalokwenda," alijibu Lotfi, huku akimfukuza jogoo kutoka kiti cha mbele. "Hebu tumia akili uliyosomea. Dakika mbili hatutaachana hata tukitaka."

Asubuhi mkuu wa waamuzi aliizunguka ile baiskeli mara mbili. Aliitwa Bwana Hammu, askari mstaafu mwenye filimbi shingoni na kitabu cha kanuni kilichofunikwa nailoni.

"Kanuni ya nne," akasoma. "Kila mshindani awe na baiskeli. Mko wangapi?"

"Wawili."

"Baiskeli?"

"Moja," Lotfi akakiri. "Lakini kanuni haijasema baiskeli nzima, mzee wangu."

Bwana Hammu akasoma tena, polepole, kidole kikifuata mstari. Akafunua ukurasa wa pili, pengine neno "nzima" liliponyokea huko. "Haijasema," akakubali kwa huzuni. Akawasainisha karatasi: gurudumu la mbele ni mali ya Krishan, la nyuma ni mali ya Masmudi, mnyororo ni wa ushirika.

Filimbi ikalia. Lotfi alikaa mbele kwenye usukani na breki. Rauf alikaa nyuma na kengele.

Sasa Lotfi alikuwa amejichapishia fulana mpya kwa ajili ya safari hiyo, na mgongoni, kwa herufi kubwa kama za kibao cha duka, iliandikwa: MIWANI KRISHAN – UONE MBALI. Hayo ndiyo Rauf aliyoyaona kwa saa nzima ya kwanza. Alijua milima ipo. Alisikia maji ya mto upande wa kulia, akanusa mizaituni, masikio yakaziba kwa kupanda juu. Lakini kila alipochungulia kulia, Lotfi aliinama kulia, na alipohamia kushoto mgongo ukamfuata.

"Mbele kuna nini?"

"Njia."

"Na milima?"

"Ipo."

"Ikoje?"

"Mirefu. Kanyaga."

Kila mshindani alifungwa kifundoni kidude cha kupimia muda. Walipopita kituo cha kwanza, ubao wa taa ukaandika: Krishan, na chini yake Masmudi, nyuma kwa sehemu tatu za kumi za sekunde. Lotfi akasimamisha baiskeli ili ausome vizuri.

"Nimekupita," akasema.

"Lotfi, tumepanda baiskeli moja."

"Ndiyo. Na humohumo nimekupita."

Kituo cha pili ikawa vilevile, tatu za kumi, na Lotfi akaanza kupiga mluzi. Ndipo njia ilipoinuka kwelikweli, mawe matupu na kona, na Rauf akahisi miguu yake inabeba nyumba pamoja na waliomo. Alilowa mpaka soksi. Akauangalia ule mgongo. UONE MBALI ilikuwa kavu kama nguo iliyoanikwa tangu jana.

"Lotfi, unakanyaga?"

"Swali gani hilo?"

"Nauliza tu."

"Nakanyaga kwa niaba yetu sote."

Rauf akaamua kupima. Alilegeza miguu kimyakimya ili aone kama baiskeli itaendelea. Lotfi, aliyekwishatukanwa, alidai baadaye kwamba naye aliamua kupima katika nukta ileile. Baiskeli ikasita. Ikawa kama inatafakari, halafu ikaanza kurudi ilikotoka. Breki zikalia bila kushika. Kwa mita thelathini hivi Rauf Masmudi alitangulia, mgongo mbele, akipiga kengele kwa kuwa hakuwa na kingine cha kufanya, hadi kichaka cha miiba kilipowapokea wote wawili.

Washindani waliokuwa nyuma yao wakapita mmoja mmoja. Wa mwisho, kina dada wawili kutoka Agadir, walipunguza mwendo wakauliza kama kuna aliyeumia.

"Hapana, asanteni," Lotfi akasema kutoka kichakani. "Tulikuwa tunapima kitu."

Wakaisukuma baiskeli mpaka kijiji cha juu, na walipokaribia nyumba wakaipanda tena, kwa ajili ya heshima. Lotfi akaketi juu ya jiwe kujichomoa miiba. Hapo akatokea bibi mmoja, wenyewe wakimwita Lalla Tuda, akiwa na binti yake. Binti akamsomea kwa sauti maneno ya ile fulana.

"Wewe ndiwe wa miwani?" bibi akauliza.

"Ndimi, bibi."

"Basi nitazame. Macho yalikuwa yananisumbua kidogo tu, lakini sasa nimewaona mkija, wanaume wawili wazima juu ya baiskeli moja. Nikajua macho yamekwisha."

"Umeona sawa, bibi. Tuko wawili, na ni moja."

Bibi akamhurumia. "Usinifariji, mwanangu. Nimezika waume wawili, naweza kusikia ukweli."

Lotfi alikuwa na kasoro nyingi, ila hakupata kumwacha mtu mwenye shida ya macho. Rauf alipomaliza kunywa maji kisimani, foleni ilikuwa na wanawake kumi na mmoja na kinyozi. Ubao wa herufi haukuwepo, kwa hiyo Lotfi alimpeleka Rauf kwenye ukuta hatua arubaini mbali, akamwamuru anyanyue vidole.

"Lotfi," Rauf akaita kutoka ukutani, "tuko kwenye mashindano. Wanafunga saa kumi."

"Vidole vitatu, Mwalimu. Usitikisike."

Rauf akanyanyua vitatu, kisha viwili. Mkono ulipomchoka akageuza uso pembeni, na milima ikawa pale, bila mgongo wa mtu kuizuia. Matabaka mekundu chini, ya kijivu juu yake, yamekunjwa kama blanketi lililosukumwa na miguu ya aliyelala, na kileleni theluji ya mwezi wa tano. Miaka ishirini na miwili alikuwa akiichora pembetatu yenye chaki nyeupe nchani. Akatamani kumwomba mtu msamaha, ila hakujua amwombe nani. Wala hakutambua kwamba amenyanyua mikono yote miwili, mmoja bado na vidole viwili, mwingine umekunjuka wote.

"Saba," akasema kinyozi kutoka hatua arubaini.

"Huyu hana ugonjwa," Lotfi akasema. "Anayefuata."

Lotfi aliandika vipimo nyuma ya ramani ya mashindano, akaahidi kuituma miwani kutoka Sfax. Wenyewe hawakukubali kutazamwa bure. Mmoja akaleta mayai manne, mwingine matatu, na mwishowe kikapu cha mbele kikajaa majani makavu na mayai mabichi thelathini na manane.

"Bibi, hatuwezi kuyapokea," Lotfi akasema.

"Pokeeni. Watu hamna hata baiskeli ya pili."

Wakati wa kuondoka Lotfi akashika kiti cha nyuma. "Kaa mbele wewe," akasema. "Mimi na mayai hatuelewani."

Rauf akashika usukani. Waliteremka mwendo wa msafara wa harusi, wakikwepa kila kokoto, na Lotfi akipiga kengele kwenye kona ili mbuzi wapishe. Njia iliponyooka Rauf alihisi kwamba hakuna msaada wowote unaotoka nyuma. Hakuuliza. Alikuwa na mengi ya kutazama.

Walifika karibu na saa kumi na mbili. Lango la kumalizia, lile la mpira wa kujazwa upepo, lilikuwa limekwishatolewa upepo, limelala chini. Bwana Hammu peke yake alikuwa kwenye kiti cha plastiki, kitabu magotini.

"Mmechelewa saa mbili," akasema. "Hilo ningeliandika nikaenda nyumbani. Lakini hayo mayai ni ya nini?" Akafungua kitabu. "Kanuni ya kumi na moja, msaada kutoka nje ni marufuku."

"Si msaada," Lotfi akajibu haraka. "Ni malipo. Tumeyafanyia kazi."

Bwana Hammu akafunua ukurasa, na uso wake ukazidi kuhuzunika. "Kanuni ya kumi na mbili. Haya ni mashindano ya watu wa kujifurahisha. Wanaolipwa hawaruhusiwi." Akaandika, akiyatamka maneno jinsi yalivyotoka: Krishan na Masmudi, wametolewa kwa kuwa ni wanamichezo wa kulipwa.

Rauf, mwenye umri wa miaka arubaini na saba na kitambi cha wastani, akasimama wima.

"Naomba nakala," akasema. "Yenye mhuri. Nitaitundika chumba cha walimu."

Bi Itto aliyapika mayai na nyanya na bizari, ndani ya chungu kipana, na Bwana Hammu akaja kula kwa kuwa kazi ilikwisha. Lotfi aliunyoosha mguu wake wa kulia chini ya meza, akakunja uso.

"Ni goti," akasema bila kuulizwa. "Tangu Ramadhani ya mwaka juzi. Daktari alisema niache."

Rauf akaendelea kumega mkate. "Na Jumapili zote zile?"

"Nilikuwa nakutangulia ili nipumzike upande wa pili kabla hujafika."

"Na leo?"

"Nilikanyaga mpaka kituo cha kwanza. Wallahi nilikanyaga." Akakizungusha kijiko. "Nikasema nikikuambia, utatafuta mtu mwingine wa kwenda naye."

Rauf akaweka mkate chini. Akavuta kigoda kwa mguu, akakiweka chini ya ule wa Lotfi uliokuwa ukining'inia.

"Kwa goti," Bwana Hammu akasema huku akipangusa mdomo, "mimi nina la kushoto. Lilianza mwaka nilipohamishiwa jangwani." Akavuta kiti karibu, akaanza tangu siku ya kwanza, na hakuna aliyethubutu kumkatiza.