Kidonge cha Asubuhi

Usiku Adolphine alipokufa, dawa yake ya pumu alikuwa ameimeza. Aliimeza asubuhi kwenye zahanati ya mji wa Baraka, mbele ya askari aliyemwamuru afungue kinywa na ainue ulimi. Tangu vita vifike, kidonge hakikuruhusiwa kwenda nyumbani, eti kingewafikia wapiganaji wa msituni. Mchana ufunguo wa kabati la dawa ulipelekwa kwa komanda wao.

Kifua cha Adolphine hakikuijua amri hiyo. Mchana kilikuwa kizima, akauza ndagala zake, dagaa wa ziwani, na kubishana na wateja. Kilibana kabla ya mapambazuko, nguvu ya kidonge ikiwa imekwisha. Muuguzi Bonaventure aliomba wenye pumu wapewe dawa jioni, akaambiwa ashukuru kwamba dawa ipo. Kwa hiyo Uledi, mume wa Adolphine, alimshikilia mkewe akiwa ameketi kitandani, hadi kule kukoroma kwa kifua kulipokoma.

Siku iliyofuata maziko, jua likizama, Adolphine alifika zahanati. Aliketi kwenye benchi, kiganja wazi. Askari wa zamu mlangoni alimpekua, akakuta udongo tu.

"Mama, kuya asubuhi," alisema. "Hata maiti inafata programu."

Alirudi jioni iliyofuata, na kila jioni. Wagonjwa walimwachia nafasi yake. Pulchérie, jirani yake, alimletea kitenge, maana sanda ilikuwa nyepesi na upepo wa ziwa ulikuwa mkali.

Uledi alimwendea komanda.

"Bibi yangu anakuyaka saa ile kifua yake ilikuwa inaomba dawa ya usiku. Badirisha saa, komanda."

"We muzee, bibi yako si alikufa?"

"Alikufa."

"Sasa saa ya nini tena?"

Askari walicheka. Uledi aliwangoja wamalize.

"Kuko mutoto wa Pulchérie, Ketsia. Ugonjwa ni ule ule."

"Ule si iko muzima? Akuye asubuhi, kama bengine."

Jioni Ketsia hupita zahanati akitoka kuchota maji. Huweka ndoo chini apumzike.

"Jambo, mama Adolphine."

Adolphine husogea kidogo kwenye benchi, akamwachia nafasi. Nyuma yao kabati limefungwa. Ketsia hupewa kidonge chake asubuhi.