Mlinzi Aliyelala

Baba alipostaafu jeshini alikosa la kufanya, akaanza kukagua jiko la mama mdogo kana kwamba ni kambi. Nyumba ni ya mama mdogo, mjane wa mdogo wake baba. Alitupokea mama yangu alipofariki. Siku moja uvumilivu ukamwishia, akamwita jirani yetu, mwalimu mstaafu wa Kilatini. "Mchukue huyu, mfundishe chochote, nipumue."

Mwalimu alianza na maneno ya somo la kwanza la Kilatini, msichana na waridi. Baba akafunga daftari. "Miaka thelathini na sita nimebeba bunduki, leo nikariri maua?" Basi mwalimu akamletea majeshi ya Warumi: mahandaki, kambi, zamu za ulinzi. Hapo baba akakolea. Mtu mzima wa miaka hamsini na sita, anakariri Kilatini huku ananyoa ndevu!

Sharti la mwalimu lilikuwa moja: hakuna kuruka. Kila sentensi uisome, uitafsiri kwa sauti, ndipo uendelee.

Alhamisi ile alasiri tulikuwa sote sebuleni, mama mdogo akishona vifungo vya shati. Baba alisoma jinsi kila mlinzi wa Kirumi alivyopewa kibao kidogo cha mbao, na wakaguzi wakapita usiku kuvikusanya kwa waliokuwa macho. Kisha akaifunika sentensi iliyofuata kwa kiganja.

"Turuke hii, mwalimu."

"Haturuki, Sajini."

Baba akatafsiri polepole. "Mlinzi akikutwa amelala, kibao chake hakichukuliwi. Asubuhi wenzake humpiga kwa fimbo na mawe. Akinusurika, harudi kwao. Ndugu hawaruhusiwi kumpokea nyumbani." Akaendelea, macho hayako tena kitabuni. "Usiku ule zamu ilikuwa yangu. Nililala. Adui wakaingia kambini, wakamkuta mdogo wangu kitandani, wakamuua."

"Hiyo haimo," mwalimu akasema, na papo hapo akajuta.

"Najua haimo."

Kwa miaka thelathini na mmoja tuliambiwa baba mdogo alikufa akipambana. Nilimkasirikia baba, na nilimwonea huruma, sijui kipi kilitangulia. Sindano ya mama mdogo ilikuwa imesimama. Baba akainuka, akavaa viatu, akatoka hadi nje ya geti, akasimama wima, mikono ubavuni. Mwalimu alikusanya vitabu vyake taratibu akaenda zake.

Mama mdogo alimalizia kifungo, akakata uzi kwa meno. Akashona kingine, na kingine tena. Jua lilikuwa limeshahamia ukuta wa pili alipofungua kinywa.

"Bado amesimama?"

"Bado."

"Mwite aingie."

"Umemsamehe?"

"Sijamsamehe, na usiniulize tena." Akalikunja lile shati, lilikuwa la baba. "Lakini mlango huu ni wangu, si wa Warumi."