Ujia wa Karala

Theluji ilipofika kiunoni, kijiji kizima kilibakiwa na ujia mmoja tu wa kwenda kisimani, mwembamba kama mkanda, na bibi Uulkan ana mbwa, Karala, asiyetaka kupishana na mtu. Karala hakuwa mkali. Alikuwa mwoga, ila woga wake ulikuwa na meno. Akiona kofia tu mbele, anajirusha kwenye kamba na kubweka mpaka povu. Kumfungia ndani nako hakufai: keshatafuna mlango na buti moja la marehemu mume wa bibi, na marehemu hakuacha jozi nyingine.

Asubuhi hiyo wakakutana uso kwa uso na Toktosun, mkuu wa kijiji. Karala akamrukia. Kamba ikamzuia, lakini mkuu alikwisha kukaa kitako thelujini, mbele ya wanaume waliokuwa wakichota maji.

"Basi, mama Uulkan!" akafoka akijipangusa. "Kesho namleta Esen na bunduki yake."

"Mlete. Kakuuma wapi? Tuonyeshe."

"Angeniuma!"

"Wewe ulining'ata kweli." Uulkan akapaza sauti ili wa kisimani wasipitwe. "Mama yako alipougua, ziwa hili ndilo lililokunyonyesha. Vijino viwili tu, ukanitoa damu. Kuna aliyeita bunduki?"

Kisimani wakaangua kicheko. Uso wa Toktosun ukaiva. Mtu hamlizi mama aliyemnyonyesha, hilo hata mkuu wa kijiji analijua.

"Lakini ujia ni wa watu, mama," akasema chini chini. "Watoto wanapita hapa."

Hapo alisema kweli, na Uulkan hakupenda.

"Basi nitachimba wangu."

"Kwa mgongo huo?"

"Kwani nimeuazima kwako?"

Kesho yake akaanza kuchimba kwa koleo nyuma ya zizi, kamba ya mbwa kaifunga kiunoni. Kila kofia ilipochomoza mbali, kabla Karala hajafungua kinywa, alimtupia kipande cha mafuta ya mkia wa kondoo. Mara chache alitulia. Mara nyingi alibweka. Hadi adhuhuri hata nusu bado, na apumzike mbele ya madirisha yale yote? Thubutu!

Mara akasikia koleo jingine upande wa kisimani. Toktosun. Karala akalipuka.

"Mama, atanila!"

"Usimtazame machoni! Inama, chimba!"

Mkuu wa kijiji akainama, akachimba.