Mama Anasimama Mlangoni

Saa nne asubuhi Masila alikuwa ameshapokea malalamiko mia tatu, na yote yalimhusu mama yake.

Mchezo wa kompyuta ulitolewa Ijumaa ukiwa nusu mbichi. Magari yalizama kwenye lami, watu walitembea bila miguu, lakini tarehe ilikuwa imetangazwa, basi! Kazi ya Masila, orofa ya tatu karibu na Adams Arcade, Nairobi, ilikuwa kushona viraka, zile patch za kurekebisha makosa, baada ya watu kununua. Ila hili la mama lilimtoa jasho. Mwezi wa tatu kampuni ilipotaka sura na sauti za watu wa soko, yeye ndiye aliyemleta mama yake, Mama Wavinya, kutoka kibanda chake cha muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, pale Kenyatta Market. Wakampiga picha pande zote na hotpoti yake ya bluu ya kuhifadhia chakula, wakarekodi sentensi tisa. Mwezi wa tano akafariki, presha.

Sasa ndani ya mchezo alikuwa ameacha kibanda. Alimfuata mchezaji polepole hadi nyumbani, akasimama mlangoni na hotpoti. Haondoki. Hakuna aliyemwandikia kufanya hivyo. Wachezaji walikuwa elfu sita, kwa hiyo mama alikuwa amesimama kwenye milango elfu sita.

"Huyo mama anaogopesha watu," Bramwel, mkubwa wake, alisema. "Mtoe. Patch inatoka saa kumi."

"Hii kitu niliripoti tangu mwezi wa nne, bosi."

"Na tukasema tutafix baadaye. Baadaye ndiyo hii. Mtoe, tutamrudisha na patch ingine."

Uongo mtupu. Kitu kikitolewa pale hakirudi.

Masila aliwasha mchezo, akatembea hadi nyumbani, akageuka. Mama alikuwepo. Leso kiunoni, jicho la kushoto halijamalizwa kuchorwa.

"Yako nimeweka kando," mama akasema. Ni ile sentensi ya tisa, aliyozoea kuwaambia wateja wa kila siku.

Jamani, siku ile! Wiki moja kabla ya kufa, mama alikuja ofisini kwa miguu na hotpoti hiyo hiyo. Bramwel alikuwa amekataza mtu yeyote kutoka mpaka mchezo uishe. Oloo, mlinzi, akapiga simu juu, na Masila akajibu, "Mwambie nakuja baadaye." Mama alingoja saa mbili. Masila hakushuka, na hilo lilimuuma kuliko msiba wenyewe.

Milango ya mchezo ilikuwa rangi tu ukutani, maana hakuna aliyepewa muda wa kuitengeneza. Masila hakumtoa mama. Aliufanya mlango ufunguke, akatuma kiraka hicho saa kumi kamili. Mama akaingia, akaweka hotpoti sakafuni, akatulia. Hata kuiweka hakuna aliyemwandikia.

Saa kumi na moja kasorobo Masila alishuka kununua chai. Kurudi, kadi yake ikagoma mlangoni.

"Pole, kijana," Oloo alisema, macho chini. "Wamesema ungoje hapa nje. Watashuka baadaye."

"Baadaye saa ngapi?"

"Hawakusema."

Oloo akafungua kufuli la stoo, akatoa stuli ya plastiki yenye vumbi. "Hii ndiyo nilimpatia mathe yako ile siku. Tangu hapo haijatoka."

Masila akaikalia. Ilikuwa na joto.