Kundi B la Mpito

Barua ilifika Jumatatu, na kufikia Alhamisi jioni Fausta alikuwa ameikunja na kuikunjua hadi karatasi ikaanza kulegea kwenye mikunjo. Kiswahili alikijua. Alikisoma shuleni kwao Nanyala, wilayani Mbozi, akakifanyia mitihani, akakitumia miaka miwili ya diploma ya ugavi chuoni Mbeya. Kila neno lililokuwamo mle alilifahamu likiwa peke yake. Yakikaa pamoja ndipo yalipomponyoka, kama maharage kwenye gunia lililotoboka.

Barua ilisema hivi: “Kufuatia zoezi la uhuishaji wa muundo wa taasisi, nafasi yako imeainishwa katika Kundi B la mpito wa kimkakati. Kampuni inathamini mchango wako na inatarajia kukuwezesha kuelekea katika wigo mpana zaidi wa fursa kuanzia tarehe 1 Julai. Tafadhali shirikiana na meneja wako kuhakikisha makabidhiano yenye tija.”

Chini yake kulikuwa na saini ya Ipyana, meneja wa tawi la Tunduma, na muhuri wa bluu.

Kazi ya Fausta ilikuwa kupanga makaratasi ya malori yanayovuka kwenda Zambia. Alihakikisha namba ya lori, namba ya kontena na jina la dereva vinasema kitu kimoja katika kila karatasi, maana kikitofautiana kimoja tu, lori hulala mpakani siku tatu na dereva huja dirishani kutukana. Alikuwa binti mpole, wa kuongea huku akiangalia vidole vyake, lakini karatasi zilimtii. Kwa hiyo ilimuuma zaidi kwamba karatasi moja, tena yenye jina lake, ilikataa kumwambia kama amepandishwa cheo, amehamishwa, au amefukuzwa.

Kama angekuwa na muda, angesubiri tu Julai ifike aone. Ila muda hakuwa nao. Ng'ambo ya barabara, nyuma ya maegesho ya malori, kulikuwa na ofisi ndogo ya Mama Loisi, naye ni wakala wa forodha. Karani wake alikuwa ameolewa Ndola, Zambia, akaacha kazi, na wiki iliyopita Mama Loisi alimshika Fausta mkono pale kwa muuza chapati.

“Nakutaka wewe,” alisema. “Nijibu Ijumaa kabla ya saa sita mchana. Ikipita hapo nachukua mwingine, malori hayanisubiri.”

Kama barua ilikuwa ya kumpandisha, kuondoka ni kuitupa bahati yake jalalani. Kama ilikuwa ya kumwondoa, kumkatalia Mama Loisi ni kujifungia mlango kwa mkono wake mwenyewe. Na kesho ndiyo Ijumaa.

Alishauliza watu. Siku ileile ya Jumatatu aliitandaza barua kwenye meza ya Nesta, mhasibu, mama mtu mzima anayeimba alto kanisani. Nesta aliisoma akivuta maneno kama anasoma zaburi.

“Wigo mpana zaidi wa fursa,” akarudia. “Mwanangu, mtu hafukuzwi kwa maneno matamu namna hii. Umepanda.”

“Kapanda wapi?” Gibson, msimamizi wa madereva, aliichungulia kwa juu. “Soma mwisho huku. Makabidhiano. Unakabidhi kiti. Mimi naona wanakupeleka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, mdogo wangu. Anza kujizoeza viwavi vya kukaanga.”

“Wangesema Nakonde.”

“Hawa waseme? Tangu lini?”

Gibson alikuwa na haki ya kusema hivyo. Mwezi Machi kampuni ilileta washauri kutoka Dar, wakawakalisha wote kwenye ukumbi wa hoteli siku mbili. Ukutani yakapita maneno: sineji, fidibeki, mtambuka, uhuishaji, kujengeana uwezo, kufikiri nje ya boksi. Watu waliandika kwenye madaftari yao mapya, wakitikisa vichwa. Gibson peke yake ndiye aliyenyoosha mkono na kuuliza hiyo sineji inapakiwa kwenye lori la aina gani. Ukumbi ulicheka. Baada ya wiki mbili, kwenye tathmini yake, akakuta ameandikwa kuwa ni “mwenye mtazamo hasi dhidi ya mabadiliko”. Kuanzia hapo hakuna aliyeuliza tena. Kila mmoja alidhani mwenzake ameelewa, akaona aibu kubaki nyuma peke yake.

Jumatano Fausta alijikaza, akaenda kusimama kwenye mlango wa Ipyana.

Ipyana alikuwa kijana wa Kindali kutoka Ikinga, Ileje, hakumzidi Fausta hata miaka kumi. Kabla ya semina ile alikuwa akiongea kama watu wengine. Alikuwa akisema “lori limekwama, nani anaenda?” na mtu anakwenda. Sasa alisema “tuna changamoto kwenye mnyororo wa huduma, tuoanishe majukumu,” na watu walibaki wakitazamana hadi dereva mwenyewe apige simu kulia kwamba amekwama.

“Bosi, naomba kuuliza kuhusu ile barua.”

Ipyana alivua miwani, akaifuta, akaivaa. “Fausta, hii ni safari. Tusiangalie tulipo, tuangalie tunakoelekea.”

Swali lilimfika Fausta kwenye ulimi: mimi naelekea wapi? Likakaa hapo. “Asante, bosi,” akasema, akarudi kwenye meza yake, na njia nzima akajilaumu kwa kumshukuru mtu ambaye hakumpa kitu.

Usiku wa siku hiyo mama yake, Ketrina, alipopiga simu kutoka Nanyala kuulizia hali, Fausta alimwambia ameletewa barua, na kwamba Mama Nesta anasema amepanda.

“Nani kaisaini?”

“Meneja.”

“Mtu wa wapi huyo?”

“Wa Ileje, mama. Lakini bado sijaelewa vizuri…”

“Sawa,” mama alisema, sauti yake imejaa. “Tumeelewa.”

Fausta hakujua mama amelielewa lipi.

Alijua Ijumaa, saa tano kasorobo asubuhi. Mlango wa ofisi ulifunguka na Ketrina akaingia, kitenge cha sikukuu kiunoni, vumbi la njiani kwenye viatu, na kwapani kuku jike mweupe aliyefungwa miguu kwa kamba ya mgomba. Gibson alisimama kumpisha. Nesta aliinuka kabisa na kumkumbatia, kuku akiwa katikati.

“Mama, umekuja kufanya nini?” Fausta alinong'ona.

“Kushukuru. Mtu akimwinua mwanao ukanyamaza, wewe ni mtu gani?”

Na hapo Fausta aliingiwa na baridi, kwa sababu alijua kinachofuata na hakujua namna ya kukizuia. Kwao Mbozi, na kwa akina Ipyana huko Ileje vilevile, kuku wa shukrani hapewi mtu kama anavyopewa mfuko wa sukari. Mama hupiga magoti, humweka kuku chini mbele ya anayeshukuriwa, kisha hupiga makofi ya polepole, viganja vimekunjwa kidogo ili mlio uwe mnene. Anayeshukuriwa naye hujibu kwa makofi yaleyale. Akijibu, amekiri mbele ya watu kwamba wema ule ni wake kweli. Asiyeutenda hawezi kujibu. Anayejibu kwa uongo, watu wa huko humwona amekula kuku wa wizi, na habari hiyo hufika kwao kabla yake.

“Mama, ngoja kwanza,” Fausta alisema. Lakini mama hakutoka Nanyala alfajiri ili aje angoje. Alikuwa ameshafika kwa Ipyana, na kwa kuwa mlango ulikuwa wazi, ofisi nzima iliona.

“Shikamoo, mama,” Ipyana alisema, akisimama haraka.

“Marahaba, baba. Mimi ndiye niliyemzaa Fausta.” Akapiga magoti juu ya vigae. Akamweka kuku. Kuku akalala ubavu, akamtazama Ipyana kwa jicho moja. Ketrina akaanza kupiga makofi.

Pa. Pa. Pa.

Mikono ya Ipyana iliinuka kutoka mezani, kwa mazoea ya tangu utotoni. Ikafika usawa wa kifua na kusimama pale, viganja vimetazamana, vimeachana kiasi cha upana wa kikombe. Ketrina aliendelea kupiga, kichwa ameinamisha, akingoja. Nje lori lilipiga honi. Makofi yakaendelea. Fausta aliitazama ile mikono miwili iliyoning'inia, akaelewa nusu ya jambo: cheo hakuna.

“Mama, basi,” Ipyana alisema. “Tafadhali inuka. Sijafanya jambo la kushukuriwa.”

Ketrina aliinua uso. “Hujasaini wewe?”

“Nimesaini.”

“Sasa?”

Ipyana alizunguka meza, akachuchumaa hadi wakawa usawa mmoja naye. Aliongea kwa sauti ndogo ambayo Fausta hakuwa ameisikia tangu Machi. “Kazi yake imekwisha, mama. Mwisho wa mwezi huu.”

Nesta alishika mdomo. Ketrina hakulia. Alimtazama binti yake, akamtazama meneja. “Barua inasema hivyo?”

“Inasema.”

“Nionyeshe. Kusoma najua.”

Fausta aliileta. Ipyana aliiweka gotini na kuanza kupitisha kidole. Kidole kilishuka mstari wa kwanza, wa pili, kikasita kwenye “mpito”, kikaruka, kikarudi juu. Akaanza tena. Masikio yakaanza kumwiva kwa aibu.

“Haipo,” alisema mwishoni. “Haikuandikwa hivyo.”

“Baba, mimi nimekuja na kuku wangu,” Ketrina alisema kwa upole. “Karatasi yenye muhuri haisemi amefukuzwa. Wewe huna muhuri mdomoni unasema amefukuzwa. Tumwamini nani?”

“Na mimi nilivyosoma amepanda,” Nesta alisema kutoka mlangoni.

“Na mimi Nakonde,” Gibson akadakia.

Ipyana aliwatazama wote, na kwa mara ya kwanza Fausta aliona kwamba mtu yule hakuwa na uhakika. Alikuwa ameipokea barua kutoka Dar ikiwa imeshaandikwa, akakisia maana yake, akaona haya kuuliza, akasaini. Sasa alichukua simu, akampigia Fides wa rasilimali watu makao makuu, akaweka sauti ya wote kusikia.

“Ipyana, habari za Tunduma,” Fides alisema. “Zoezi la mpito linaendaje?”

“Fides, nina swali kuhusu Fausta wa Kundi B.”

“Kundi B ni wale ambao tunawasindikiza kwenye fursa mtambuka nje ya muundo uliohuishwa. Ni muhimu tulinde ari ya timu wakati…”

“Fides. Tarehe moja Julai, Jumatano asubuhi. Fausta aje kazini au asije?”

Ilisikika karatasi ikigeuzwa, kisha mlango ukifungwa.

“Kwa kuliangalia hivyo,” Fides alisema polepole, “asije.”

Ajabu ni kwamba Fausta, aliyekuwa ameogopa neno hilo siku nne, alipolipata alihisi mabega yakishuka. Kisha akashangaa kwa nini yameshuka. Kisha machozi yakaja, machache, akayafuta kwa mkono wa sweta. Alitazama saa ya ukutani. Saa tano na dakika kumi.

“Asante,” Ipyana aliiambia simu. Hakuikata. “Na mimi? Mlinitumia barua. Kundi A.”

“Kundi A,” Fides alisema, na sauti yake ikawa nyepesi tena, “ni wale wanaobeba maono katika awamu inayofuata ya… Ipyana, naomba nirudi kwako.”

Simu ikakatika. Gibson alijikuna kichwa. “Hapo kapanda au kashuka?” aliuliza. Hakuna aliyecheka, kwa sababu aliuliza kweli.

Ketrina alimwokota kuku wake, akamfuta vumbi mbawani. “Nisamehe, baba,” alimwambia Ipyana. “Huyu siwezi kukuachia. Si kwa ubaya.”

“Najua, mama. Ningekuwa mimi ningefanya hivyohivyo.”

Fausta alikuwa ameshachukua mkoba wake. Alisimama mlangoni, akaangalia vidole vyake, akajilazimisha kuinua macho. “Bosi, naomba ruhusa ya nusu saa. Naenda ng'ambo kwa Mama Loisi. Kuna nafasi ya kazi, nataka kumwambia nakuja.”

Yalikuwa maneno mengi kuliko yote aliyowahi kumwambia kwa mara moja.

“Nenda.” Ipyana alikuwa amefungua droo na kutoa barua yake mwenyewe. Aliikunjua mezani, akainama juu yake. Fausta alipofika hatua ya tatu alimsikia akiita. “Fausta. Muulize kama anataka watu wawili.”

“Wawili wa nini?”

“Wa chochote.”

Walivuka barabara kati ya malori yaliyosimama, mama mbele na kuku wake, binti nyuma. Kipupwe kilikuwa kinapeperusha vumbi na mifuko.

“Yule kijana,” Ketrina alisema bila kugeuka, “kazi anayo au hana?”

“Sijui, mama. Na yeye hajui.”

“Na aliyeandika barua?”

Fausta alifikiri. Alimwazia Fides katika ofisi yake ya Dar, akigeuza makaratasi, labda moja likiwa na jina la Fides mwenyewe. “Sidhani kama naye anajua,” alisema.

Mama Loisi alikuwa amekaa kwenye stuli mlangoni, kalamu sikioni, simu mbili mapajani. Alimwona Fausta, akamwona Ketrina, akamwona kuku.

“Shikamoo, Mama Loisi. Nimekuja na jibu. Ni ndiyo.”

“Utaanza lini?”

“Tarehe moja.”

“Saa moja na nusu asubuhi. Ukichelewa utakuta madereva wamekalia kiti chako.” Akamkaribisha Ketrina aketi, kisha akarudi kwenye makaratasi yake.

Fausta hakuondoka mlangoni. “Kuna jambo lingine,” alisema. “Kuna mtu ameniagiza nikuulize. Lakini yeye mwenyewe hajui kama anahitaji kazi.”

Mama Loisi alitoa kalamu sikioni. “Hajui vipi?”

Fausta akavuta kigoda, akaketi karibu na mama yake, akaanza kueleza.